Mtoto wa marehemu anatuuzia nyumba tunayopanga. Tutoe amana?

Hujambo Dada Wakili,

Mimi na mume wangu ni wapangaji Buruburu, na huu ni mwaka wa tisa katika nyumba hiyo hiyo. Watoto wetu wawili hawajui kwingine. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu wa shirika la reli, mtu wa heshima zake, asiyepandisha kodi ovyo. Alifariki mwaka wa 2021. Tangu hapo kodi tunamtumia kifungua mimba wake kwa M-Pesa. Mjane wa mzee yu hai, anaishi Murang'a. Wana mabinti wawili walioolewa, mmoja Eldoret na mwingine ughaibuni, na kitindamimba ambaye mara ya mwisho tulimwona siku ya mazishi.

Mwezi jana kifungua mimba alitujia jioni, akanywa chai, kisha akasema familia imeamua kuuza na wangependa tununue sisi kwa sababu tumeitunza nyumba. Bei ni shilingi milioni 8.5. Majirani wanatuambia nyumba kama hii, tena yenye duka lililoongezwa mbele, haipatikani kwa hela hizo. Anachotaka sasa ni amana ya milioni 1.5 ndani ya majuma mawili. Anasema ni ya "kusukuma makaratasi ya mirathi", na salio tutalipa hati ikishatoka kwa majina yetu.

Nilipomuuliza kuhusu dada zake alicheka akasema, "Hao waliolewa, wana kwao." Mama naye ataletewa karatasi atie kidole. Tukataka kuiona hati, akatuonyesha nakala tu, yenye jina la marehemu: ardhi ya kukodi, miaka 99 kuanzia 1976. Hati yenyewe eti iko mahali salama. Anasema tusijisumbue kutafuta wakili, wake atatuandikia sote mkataba mmoja ili tuokoe pesa. Halafu mkataba uonyeshe milioni 5, ushuru wa serikali upungue, nasi tufaidike.

Mume wangu yuko tayari. Hoja yake ni kwamba nyumba hii tunaijua kuliko mnunuzi yeyote, hata bomba linalovuja tunalijua, na kuna mtu wa Eastleigh mwenye pesa taslimu anayeinyemelea. Tuna akiba ya milioni 2.1, Sacco yetu imekubali kutukopesha, na kaka yangu atatuongezea. Mimi ninauza mapazia Gikomba, na hapo sokoni haipiti wiki bila kusikia mtu kauziwa hewa. Usiku silali. Nikikataa na nyumba ikaenda, nitalaumiwa maisha. Nikikubali pesa zikaenda, nitajilaumu mwenyewe. Tufanyeje?

Mama Wawili, Buruburu

JIBU

Dada yangu, usitoe hiyo milioni moja na nusu. Lakini pia usiikimbie nyumba. Bei ni nzuri, mnaishi ndani, na familia inaonekana ina haja ya kuuza. Shida yenu ni kwamba mnaombwa mlipe kabla hajapatikana mtu mwenye mamlaka ya kupokea.

Kabla ya bei na kabla ya mkataba, wakili yeyote makini huuliza swali moja: huyu anayeuza ana uwezo wa kisheria wa kuuza? Kwenu, kwa hayo uliyoniandikia, jibu leo ni hapana. Nyumba ni ya marehemu. Kifungua mimba ni mrithi mmoja kati ya wengine, na kuzaliwa wa kwanza hakumpi saini ya baba yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 45 inamkataza mtu yeyote kushika, kutumia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Anayefanya hivyo ametenda kosa la jinai, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo, najua. Kinachouma zaidi ni kwamba mauzo yenyewe hayasimami.

Watu wengi wanajua kwamba lazima "mirathi ifanywe", ila hawajui kuwa ina milango miwili. Familia huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha huwasilisha ombi mahakamani pamoja na ridhaa za ndugu wenye haki sawa. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30. Pasipo na pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi. Huo ni mlango wa kwanza, na wauzaji wengi huwapungia wanunuzi karatasi hiyo wakisema mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kifungu cha 82 kinasema waziwazi kwamba hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza mali isiyohamishika kabla hati yake haijathibitishwa. Uthibitisho ndio mlango wa pili. Kwa kawaida huombwa baada ya miezi sita tangu hati ya kwanza itolewe, na cheti chake ndicho kinachoonyesha nani anapata nini. Mahakama inaweza kuruhusu uthibitisho wa mapema palipo na sababu nzito, lakini msijenge mipango yenu juu ya hilo.

Kwa hiyo anaposema amana ni ya "kusukuma makaratasi ya mirathi", anakiri kwa kinywa chake kwamba makaratasi hayapo. Pengine hajafika hata kwa chifu. Simwiti tapeli. Nimeona familia nyingi zenye nia njema zikiingia njia hii kwa sababu hazina pesa za kuanzia, nazo nyumba zinakaa miaka bila mwenyewe. Ila nia njema yake haitawarudishia pesa. Mkilipa leo kisha dada yake wa Eldoret aende mahakamani, mtabaki mnamdai mtu binafsi deni la milioni 1.5 ambazo alishazitumia, huku nyumba ikirudi kwa familia.

Tuje kwa hao dada "wenye kwao". Sheria ya Urithi inasema watoto wa marehemu. Haisemi watoto wa kiume, wala haimfuti binti akishaolewa. Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ya hali ya ndoa. Mahakama zetu zimelisema jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nashangaa bado kuna mtu anayelitumia kama hoja ya biashara. Halafu kuna mama. Mume akifariki bila wosia akaacha mjane na watoto, kifungu cha 35 kinampa mjane vyombo vya nyumbani na haki ya kufaidika na mali iliyobaki maisha yake yote. Wakati wa uhai wake, chini ya kifungu cha 37, nyumba au ardhi iliyo chini ya haki hiyo huuzwa kwa ridhaa ya watoto wote watu wazima na kibali cha mahakama. Kumbe mtu mwenye uzito zaidi katika biashara yenu ni yule ambaye mwanawe anasema "ataletewa karatasi atie kidole". Kidole gumba ni saini halali, bora aliyetia awe ameelezwa kwa lugha anayoielewa kile anachokubali, mbele ya wakili, bila mtoto kumsimamia begani. Na kama mzee aliacha wosia ambao hamjausikia, hesabu yote hii inabadilika, kwa hiyo hilo nalo ulizeni.

Wa kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kitindamimba. Ndugu asiyeonekana ndiye huja na amri ya mahakama siku mnayopaka rangi sebule.

Najua mumeo atasema: lakini sisi ni wanunuzi wa nia njema, hatukumdanganya mtu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa chimbuko la hati hiyo lilikuwa na kasoro za kisheria. Ile ilikuwa ardhi ya umma na kesi yenu ni ya mirathi, lakini somo kwa wakili wa mnunuzi ni moja: fuata mnyororo wa umiliki hadi mwanzo. Na ninyi hamuwezi hata kudai kwamba hamkujua. Mlienda mazishini!

Sasa hilo la kuandika milioni 5. Hapa ndipo ninapotaka mumeo asome polepole, kwa sababu kinachoitwa faida yenu ni hasara yenu. Ushuru wa stempu katika jiji ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba. Kwa milioni 8.5 ni shilingi 340,000, na kwa milioni 5 ni 200,000. Anawaonyesha akiba ya 140,000. Hawaambii kwamba nyumba hukaguliwa na mthamini wa serikali, na akiona thamani ni kubwa kuliko bei ya mkataba, ushuru hutozwa kwa hesabu yake. Hawaambii kwamba mauzo yakivunjika, mkataba utathibitisha kuwa mlinunua kwa milioni 5, nanyi mtahangaika kueleza mahakama ile milioni 3.5 nyingine ilikuwa ya nini, mkikiri njiani kwamba mlidanganya serikali. Tena hawaambii habari ya siku mtakayouza ninyi. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ushuru wa faida inayotokana na kuuza mali ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Faida hupigwa kuanzia bei mliyonunulia, iliyo kwenye karatasi. Mkiuza baadaye hata kwa milioni 8.5 ile ile, serikali inaweza kuona faida ya milioni 3.5 ambayo hamkuipata, na asilimia 15 yake ni shilingi 525,000. Anayepunguza leo ni muuzaji, kwa kuwa ushuru huo wa faida katika mauzo ya sasa ni mzigo wa upande wake. Ninyi anawahamishia. Mkataba uandike bei halisi, basi.

Kuhusu wakili mmoja wa pande mbili. Si marufuku, ila mimi siwashauri hata kidogo. Wakili wake ameajiriwa kumlinda yeye, na siku mambo yakichacha atakumbuka nani alimlipa. Gharama ya wakili wenu si siri. Kwa viwango vya malipo ya mawakili vya 2014, nyumba ya milioni 8.5 ni asilimia 2 ya milioni 5 za kwanza, yaani 100,000, na asilimia 1.5 ya milioni 3.5 zinazofuata, yaani 52,500. Jumla ni 152,500, ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika 176,900. Ni pesa, sikatai, lakini mnataka kuokoa laki na kitu huku mkihatarisha milioni nane. Kabla ya kumwajiri, mtafuteni jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya mtandaoni mwone kama ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Watu hukodisha ofisi karibu na mahakama wakavaa tai. Mkataba wa ardhi ulioandaliwa kwa malipo na mtu asiye wakili ni kosa kisheria, na ninyi ndio mnaobaki na karatasi lenye mgogoro.

Amana yenyewe ina desturi zake. Kwa kawaida ni asilimia 10, kwenu 850,000, wala si milioni 1.5. Tena haiendi mfukoni mwa muuzaji wala kwenye simu yake. Hukaa katika akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, naye huishikilia kwa niaba ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike, kwa kawaida ndani ya siku 90. Mkataba lazima uwe kwa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila saini iwe na shahidi aliyekuwepo. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, haina mzaha hapo: mazungumzo ya kwenye chai, hata yakirekodiwa, hayawezi kuwa msingi wa kudai nyumba mahakamani. Salio lenu litatoka Sacco, na Sacco haitatoa hadi nyumba isajiliwe kwa majina yenu na dhamana yake iandikwe. Muuzaji naye hataki kuachia hati bila pesa. Fundo hilo hufunguliwa na mawakili kwa kupeana ahadi ya kitaaluma ya maandishi, ambayo Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha wakili kuitimiza. Sasa niambie, katika mpango wa wakili mmoja, nani atamwahidi nani?

Wakati familia inashughulikia mirathi, kuna kazi mnayoweza kuifanya bila kumlipa muuzaji hata senti. Wakili wenu aombe upekuzi rasmi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa wizara uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia hapa Nairobi. Nakala mliyoonyeshwa haitoshi. Upekuzi utawaambia kama jina bado ni la mzee, kama kuna zuio lililowekwa na ndugu, na kama kuna benki inayoidai. "Mahali salama" pa hati, dada yangu, mara nyingi huwa ni kabati la benki. Mtakuta pia kama kuna deni la kodi ya ardhi ya serikali kuu, kwa kuwa ni ardhi ya kukodi, na reti za kaunti. Vyeti vya kutodaiwa kodi hiyo ya ardhi na reti kwa kawaida huhitajika kwenye uhamisho, pamoja na kibali cha kuhamisha. Mkataba useme kwamba madeni ya kabla ya siku ya kukamilisha ni ya muuzaji.

Ile miaka 99 iliyoanza 1976 itaisha 2075. Si sababu ya kukataa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia aliyekuwa akiishikilia nafasi ya kwanza kupewa tena muda ukiisha, ikiwa serikali haihitaji ardhi hiyo kwa matumizi ya umma. Ila ni jambo la kuwa nalo akilini mnapokubaliana bei, na Sacco pia italiangalia.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni kitu ulichokipitia haraka: duka lililoongezwa mbele. Majirani wanaliona ni faida. Mimi nauliza lilijengwa kwa idhini ya nani, na limekaa ndani ya mpaka wa ploti au limeingia kwenye hifadhi ya barabara. Buruburu ina nyongeza za namna hiyo kila upande. Kaunti ina mamlaka chini ya Sheria ya Mipango ya 2019 kumtaka mwenye nyumba abomoe kilichojengwa bila kibali, na mwenye nyumba siku hiyo mtakuwa ninyi. Mlipeni mpima mwenye leseni aje na ramani, aonyeshe alama za mipaka. Kama duka liko nje, bei ya 8.5 si ya kirafiki tena, na hapo mna haki ya kuzungumza upya.

Na familia ikisema kweli haina pesa za kuanzisha mirathi? Hapo nawapa maoni yangu, mkayapime na wakili wenu. Kama mnaitaka nyumba sana, mnaweza kuikopesha familia kiasi kidogo, ambacho kikipotea mtaugua lakini hamtafilisika, na kilipwe moja kwa moja kwa wakili anayefanya mirathi dhidi ya ankara yake. Karatasi iseme ni mkopo, kwamba utakatwa kwenye bei mauzo yakifanyika au kurudishwa yasipofanyika, na isainiwe na mama na watoto wote wanne. Isiitwe amana, wala isitajwe kuwa sehemu ya mauzo. Kama hawawezi kukusanya saini tano kwa mkopo mdogo, hawataweza kuzikusanya kwa nyumba nzima, na mtakuwa mmelijua hilo kwa bei nafuu. Ombeni pia Sacco iwaambie idhini yao ya mkopo inadumu hadi lini. Mirathi isiyo na mgogoro inaweza kuchukua karibu mwaka, na yenye mgogoro sitaki hata kukutajia.

Cheti cha uthibitisho kikitoka, jina la marehemu litaondolewa kwenye daftari la Ardhi, wasimamizi waandikishwe, kisha wao ndio wawahamishie ninyi. Hapo sasa sainini mkataba. Jiandikisheni wote wawili, wewe na mumeo, na mwambieni wakili aandike umiliki wa pamoja ambao mmoja akitangulia sehemu yake inabaki kwa mwenzake moja kwa moja. Watoto wenu hawatahitaji kumngoja mjomba wala shangazi ajitokeze ndipo nyumba itembee.

Mjibuni kifungua mimba leo, kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha: "Kaka, tunashukuru kwa kutufikiria kwanza. Tuko tayari kununua kwa bei uliyosema. Tunaomba namba ya kesi ya mirathi, jina la wakili wa familia, na siku ya kuzungumza na Mama na ndugu zako wote, hata kwa simu. Hati ya usimamizi ikithibitishwa, wakili wetu atapeleka amana kwa wakili wenu siku mkataba utakaposainiwa."

Akijibu kwa namba ya kesi, niandikie tena tuangalie mkataba. Akijibu kwa kumtaja yule mtu wa Eastleigh, mwache aende. Mnunuzi mwenye wakili ataulizwa maswali haya haya, na asiye na wakili atanunua mbuzi kwenye gunia. Ninyi endeleeni kulipa kodi kwa wakati na mhifadhi kumbukumbu zote za M-Pesa, kwa maana kodi hiyo nayo ni mali ya marehemu na ipo siku msimamizi halali ataiuliza. Anayelipa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua mwezi mmoja, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Mkiletewa barua ya kuhama na mtu asiye na hati ya usimamizi, msifungashe vyombo. Ipelekeni kwa wakili siku hiyo hiyo.